Joto Nililolifuta Ileje

Wadogo zangu wa karakana ya Vwawa, mliniomba niandike kurasa chache za kuweka kwenye lile faili la kijani, ili fundi atakayekuja baadaye ajue kazi ya kupima betri ilianzaje hapa kwetu. Niliandika. Nilipomaliza nikazisoma, nikaona nimejisifu vizuri tu, na nimemruka mama mmoja wa Ileje ambaye nilimharibia jina kwa kalamu yangu mwenyewe. Kurasa zile nimezichana. Hizi ni za pili, na yeye yumo. Mwenye haraka anaweza kuanzia katikati, ingawa mtu mwenye haraka hakupaswa kuajiriwa kupima betri.

Mimi ni mtoto wa Nanyala, lakini kazi nilianzia Tunduma, enzi ambazo betri ilikuwa risasi na tindikali, na mwenye simu ya mkononi alipanda kilimani kutafuta mtandao. Kampuni iliyonichukua ilikuwa ikihudumia minara ya simu. Siku ya kwanza nilivaa shati jeupe lililopigwa pasi. Fundi mkuu, Mzee Simwanza, aliniangalia kuanzia kola hadi mkanda, akauliza, "Kijana, harusi ni ya nani?" Kufika saa nane mchana shati lilikuwa limetoboka kwa tindikali kifuani na tumboni, na mama yangu akalifanya dekio.

Mzee Simwanza alikuwa Mnamwanga wa pale pale mpakani, mfupi, mwenye sauti ya chini, na ndugu zake walikuwa pande zote mbili za mpaka. Madereva wa malori kutoka Zambia aliwasalimia kwa Kibemba, "Mulishani mukwai," kisha akawahoji kwa Kiswahili kwa nini betri zao zinachemka, nao wakajibu kwa Kiingereza. Biashara ilikwenda. Alinifundisha kwamba kabla hujaigusa betri kwa mita, isogezee mgongo wa mkono. Kiganja cha fundi kina sugu, kinadanganya, alisema. Mgongo wa mkono haujazoea kazi, kwa hiyo unasema kweli. Mpaka leo siwezi kupita karibu na betri bila kufanya hivyo, na mke wangu anasema hata birika la chai nalisalimia kwa mgongo wa mkono.

Jambo jingine alilokuwa nalo ni maswali ambayo sisi vijana tuliyaona ni umbea tu. Betri hii inalala wapi? Nani analinda mnara? Anaishi na nani? Kulikuwa na mnara mmoja ambao betri zake zilikuwa zikifa kila baada ya miezi michache. Tulibadilisha chaja, tukabadilisha nyaya, tukailaumu radi. Mzee Simwanza akaenda, akakaa na mlinzi, wakala mahindi ya kuchoma, akarudi akatuambia kuwa mlinzi anaanika nguo zake kwenye matundu ya hewa ya kabati la betri, kwa sababu zinakauka upesi. Tukamfungia kamba ya nguo, betri zikapona. "Mita itakuambia betri inaumwa nini," Mzee alisema. "Haitakuambia inaishi na nani." Tulicheka sana kwa maneno hayo, mimi nikiwa wa kwanza.

Alistaafu kabla lithiamu haijatufikia. Mimi nilipoinua betri ya kwanza ya lithiamu nilidhani tumeletewa boksi tupu. Haikuwa na harufu, haikuchemka, haikudai maji. Betri ya zamani ilikuwa kama mzee wa ukoo, ikiumwa mtaa mzima unajua. Hii mpya hainung'uniki. Ukiipima kwa mita ikiwa nusu, inakupa namba karibu sawa na ile iliyokupa ilipojaa, halafu inakatika ghafla kama mtu aliyekata simu. Ndiyo maana kuipima ni kazi ya siku nzima: unaijaza, unaiacha ipumzike, unaimaliza taratibu, na unahesabu kila kilichotoka. Hakuna njia ya mkato, na kila fundi niliyemwona akiitafuta aliipata, kisha akaunguza kitu.

Kampuni iliyoleta pikipiki na maguta ya umeme, yale ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo, ilipofungua karakana pale Vwawa, mimi nilikuwa nimevuka hamsini. Mashine ya kujaza na kumaliza betri ilikuwa bado iko njiani, kwa hiyo tukajitengenezea yetu: tulichukua koili za majiko ya umeme, tukazizamisha kwenye pipa la maji, betri ikawa inamaliza nguvu zake humo. Ilikuwa mwezi wa sita. Karakana nzima ilinawa kwa maji ya moto, na mashine yenyewe ilipofika watu waliipokea kwa huzuni kidogo.

Pamoja na mashine alikuja Mhandisi Rehema kutoka Dar es Salaam, binti wa umri wa mwanangu wa kwanza, ambaye hakuvua sweta mpaka mwezi wa tisa. Yeye ndiye aliyenifundisha modeli. Alinieleza hivi: unaiambia kompyuta jinsi betri inavyoishi, inajazwa mara ngapi, inamalizwa mpaka wapi, inakaa kwenye joto gani, nayo kompyuta inakuambia betri hiyo itazeeka lini. Baadaye unaipima betri yenyewe, na ukiona modeli na mita havipatani, kuna kitu hujakijua. Alinionya hasa juu ya mambo mawili yakikutana, betri kujaa na betri kupata joto. Betri iliyojaa ikiwekwa kwenye joto inazeeka ikiwa imelala, hata kama haijatembea hatua moja.

Vidole vyangu vilizoea spana, na kuandika maagizo ya kompyuta katika umri ule ilikuwa kama kutafuta sindano nikiwa nimevaa glavu. Lakini nilijifunza, na kusema kweli nilijivuna. Nilikuwa na kompyuta mpya, miwani mipya, na watu wa Vwawa wakaanza kuniita Injinia barabarani. Sikuwasahihisha.

Rehema alinipa sheria moja. "Mzee Nzowa, usifute kipimo usichokielewa. Kiweke pembeni, uandike umekiweka pembeni kwa sababu gani." Niliitikia, kama mtu anavyoitikia tangazo la kwenye basi.

Tukagawa maguta kumi na tano ya majaribio kwa vikundi vitatu vya wabeba mizigo, matano hapa Vwawa, matano Kamsamba, matano Ileje. Tulitaka hali tatu za hewa: ya wastani, ya joto, na ya baridi. Kila betri ilipewa namba, na ndani yake mlikuwa na bodi ndogo iliyoandika joto usiku na mchana, guta likitembea au likiwa limezimwa. Mimi ndiye niliyekwenda kukabidhi na kutoa maelekezo. Kamsamba nikaongea juu ya joto mpaka nikakaukiwa koo. Ileje nikaongea juu ya baridi. Niliona nina akili sana, kila mtu nimempa dawa ya ugonjwa wake.

Nilikuwa na uhakika kwamba betri za Kamsamba zitakufa kwanza. Hazikufa. Wafugaji wa kule walizifunika kwa magunia mabichi mchana na kuziegesha palipokuwa na ng'ombe, kwenye kivuli. Nilipowauliza nani aliwafundisha, mmoja wao alinishangaa. "Ng'ombe akihema tunampeleka kivulini," alisema. "Hiki nacho kinahema, tumekishika tumesikia." Niliandika taarifa ndefu ya kuwasifu. Hapo ndipo nilipopaswa kujiuliza watu wa Ileje nao, kwa desturi zao, wanakitunza vipi. Sikujiuliza.

Kikundi cha Ileje kilikuwa na wanaume wanne na mwanamke mmoja, Atuganile Kibona, ambaye kila mtu alimwita Mama Lusajo. Alikuwa akibeba maharage na maparachichi kutoka juu mlimani hadi gulioni. Siku ya makabidhiano mwenyekiti wa kikundi alisema mbele yangu, tena mbele yake, kwamba chombo cha kisasa hakimfai mwanamke na kwamba ataua betri kabla ya mavuno. Mama Lusajo alisubiri nimalize kuongea, wenzake walipokuwa tayari wanajaribu honi, akaniuliza swali moja. "Fundi, ikimaliza kazi ilale wapi?"

"Ndani, mama," nilisema. "Isipigwe na baridi." Nikapanda gari, kwa sababu mvua ilikuwa inakuja na barabara ya kule mnaijua.

Katika miezi ya mwanzo betri moja ya hapa Vwawa iliharibika kile kifaa chake kidogo cha kupimia joto. Ilikuwa juu ya meza yangu, ya baridi kabisa, lakini kompyuta ilisema ina nyuzi sabini. Nikaviondoa vile vipimo, na hapo nilikuwa sahihi. Muda si mrefu nikaona na betri namba tisa, ya Ileje, imeanza: kila jua likizama, guta limezimwa, joto linapanda mpaka karibu hamsini. Ileje, mwezi wa saba, watu wamevaa makoti. Nilicheka peke yangu. Nikasema kifaa kingine hicho kimeugua. Nikafuta. Siku iliyofuata vikaja tena, nikafuta tena, na siku ya tatu nikachoka, nikaandika mstari mmoja wa maagizo: joto lolote la Ileje linalozidi arobaini, jua likiwa limezama na guta limezimwa, liondolewe lenyewe. Sikuandika popote kwamba nimefanya hivyo. Chai ilikuwa imeshaiva.

Mwaka ukapita. Tukakusanya betri zote, tukaziweka kwenye mashine moja baada ya nyingine. Zote zilizeeka kama modeli ilivyosema, au pungufu kidogo, isipokuwa namba tisa. Namba tisa ilikuwa mzee kabisa. Nguvu ilizobakiza zisingepandisha guta tupu mlimani, achilia mbali lenye maharage. Modeli ikasema haiwezekani, betri iliyolala kwenye baridi namna ile haichakai hivyo. Na mimi, badala ya kuitilia shaka kazi yangu, nikamtilia shaka mtu.

Ushahidi niliupata bila shida, maana anayeutafuta ubaya haukosi. Stika ya muhuri kwenye mfuniko ilikuwa imebanduka. Na betri yenyewe ilikuwa safi kuliko zote, imefutwa mpaka kwenye pembe za vishikio. Nikajiuliza, nani anaosha betri kama hafichi kitu? Nikaandika kwamba mtumiaji namba tisa ameifungua betri au ameichaji kwa chaja isiyo yake. Kuandika kulinichukua dakika kumi. Ofisi ikapeleka barua kwa kikundi, na kule hakuna aliyekuwa na haja na namba. Mwenyekiti aliisoma siku ya gulio, mbele ya watu, kwa jina kamili: Atuganile Kibona ameharibu betri. Guta likachukuliwa, akapewa mwanamume mwingine.

Yote hayo niliyasikia baadaye. Wakati huo nilijua tu kwamba kuna chaja moja haijarudi, na kama wiki mbili baada ya barua nilikwenda Ileje kuifuata.

Mvua ilikuwa inanyesha na baridi ilikuwa ya kule kwao, ile inayoingia kwenye mifupa. Mama Lusajo alinikuta nimejikunyata chini ya ukingo wa paa la nyumba yake. "Shikamoo, Fundi," alisema, kwa adabu ile ile ya siku zote; ingekuwa nafuu kama angeniacha nilowe. "Ingia jikoni, ndiko kuna moto." Akanipa kigoda, akanipakulia makande, akaenda kuileta chaja. Ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa safi.

Nilikuwa nakula nikiwa nimeinua uso kukwepa moshi, ndipo nikaona. Juu ya mafiga kulikuwa na dari ya miti, nyeusi kwa masizi, imejaa mahindi ya mbegu yaliyofungwa kwa maganda yake, na vibuyu vya mbegu za maharage. Katikati ya mahindi kulikuwa na nafasi tupu ya pembe nne. Upana wake niliujua. Nilikuwa nimeushika kwa mikono yangu mara kumi na tano.

"Mama Lusajo," nikasema, "pale kulikuwa na nini?"

"Pale ndipo ilipokuwa inalala betri yenu."

"Juu ya moto?"

"Ulisema ilale ndani, isipigwe na baridi. Nyumba hii yote pa joto ni pale tu." Alisema bila hasira, kama anayemweleza mgeni njia ya kisimani. "Na mbegu zinakaa pale. Panya hafiki, mdudu hafiki, mwizi akiingia lazima anikanyage mimi. Mume wangu aliongeza miti miwili kwa sababu ni nzito kama debe la mahindi."

"Kila siku?"

"Kila siku. Ikitoka kwenye chaja imejaa, tunaipandisha kwanza, ndipo nainjika ugali. Wenzangu walikuwa wanaziacha barazani na mbwa. Mimi niliogopa, maana waliapa mimi nitaiua."

Nikamuuliza juu ya stika. Akasema ilibanduka kwa mvuke wa chungu, akajaribu kuirudisha kwa ugali kama wanafunzi wanavyobandika karatasi za madaftari, ikakataa. Nikamuuliza, sauti yangu ikiwa imeshuka, kwa nini basi aliiosha. Hapo ndipo aliponitazama usoni.

"Fundi, kwenu mtu anarudisha chungu cha watu kikiwa na masizi?"

Kwetu harudishi. Na kwetu Nanyala mbegu zinakaa juu ya moto vile vile. Mama yangu aliweka mbegu pale, na mimi nilikula chini yake utoto wangu wote, masizi yakiniangukia kwenye mboga. Sina pa kujificha kwa kusema sikujua. Nilisimama, nikainua mkono, nikaisogezea ile nafasi mgongo wa mkono wangu, na moto wenyewe ulikuwa mdogo tu, wa makande. Nikaurudisha haraka.

Ningetaka niwaambie kwamba nilipiga magoti nikaomba radhi pale pale. Sikufanya hivyo. Nilichukua chaja, nikashukuru kwa makande, nikasema nitaenda kuangalia tena vipimo. "Angalia, Fundi," alisema. "Huku naitwa Muua Betri. Lusajo ameacha kwenda kucheza." Njia nzima ya kurudi Vwawa dereva alikuwa anasimulia habari za mpira na mimi naitikia, "Eeh."

Bodi iliyo ndani ya betri haifuti kitu. Anayefuta ni mtu. Niliifungua namba tisa, nikachukua kumbukumbu zake nzima, na jioni zote zilikuwemo, moja baada ya nyingine: joto linapanda ugali ukiinjikwa, linashuka moto ukififia, na betri imejaa pomoni. Nikauondoa mstari wangu, nikaiendesha modeli upya. Ikatoa jibu lile lile la mita, karibu bila tofauti. Nitawaambia jambo la aibu: nilifurahi. Dakika nzima nilifurahi kwamba modeli yangu ni sahihi, ndipo nikakumbuka maana yake.

Nilimweleza Rehema asubuhi. Aliingiza mikono ndani ya sweta.

"Uliandika popote kwamba umefuta?"

"Hapana."

"Basi tuandike sasa, Mzee. Vizuri zaidi uandike wewe."

Hakunigombeza, na mimi nilitamani anigombeze. Tukaandaa ripoti ya marekebisho. Kwa utaratibu wa ofisi watumiaji wanatajwa kwa namba, na ofisi iliipitia ikailainisha kidogo. Palipohusu kosa langu paliishia kusomeka hivi: baadhi ya vipimo vya joto vya betri namba tisa viliondolewa wakati wa uchakataji, na mtumiaji hakukiuka masharti. Ni sentensi nzuri. Niliipenda. Unaweza kuisoma mara kumi usimwone mtu yeyote ndani yake. Niliomba niipeleke mwenyewe Ileje, na siku iwe ya gulio, kwa sababu neno lililotangazwa mbele ya watu halifutwi kwa barua ya kwenye bahasha.

Tulisimama pale pale barua ya kwanza iliposomewa, karibu na mizani ya maparachichi. Mwenyekiti alikuwepo, wanaume wa kikundi walikuwepo, na watu waliokuja kuuza na kununua walisogea, maana gulio halina siri. Mama Lusajo alisimama nyuma na kapu lake la maharage. Tangu anyang'anywe guta alikuwa anabeba kichwani. Nikasoma. Nilisoma vizuri, kwa sauti, mpaka mwisho. Mwenyekiti akakohoa. "Haya, tumesikia," akasema. "Kumbe ni makosa ya mitambo. Yameisha."

"Yangu hayajaisha," alisema Mama Lusajo. Akatua kapu, watu wakampisha. "Fundi, naomba urudie pale pa joto."

Nikarudia. Baadhi ya vipimo vya joto vya betri namba tisa viliondolewa.

"Namba tisa ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Barua ya kwanza ilisomwa hapa kwa jina langu. Ubaya ulikuwa na jina. Leo mnanisafisha, nimekuwa namba." Akaisogelea karatasi. "Na hivyo vipimo, aliyeviondoa nani?"

Niliitazama karatasi kana kwamba jibu lilikuwa limeandikwa humo. Halikuwemo, mimi mwenyewe nilikuwa nimehakikisha halimo. Mwenyekiti alifungua kinywa kunisaidia, na kwa sekunde moja nilitamani anisaidie.

"Ni mimi," nikasema.

"Betri ilikuambia kwamba inaungua?"

"Iliniambia. Kila jioni, karibu mwaka mzima."

Alitikisa kichwa polepole. "Mimi nilikosea kwa sababu sikuambiwa. Nilikuuliza ilale wapi, ukanijibu ukiwa unapanda gari. Wewe uliambiwa kila siku, ukafuta."

"Ndiyo, mama. Nilifuta. Naomba unisamehe."

"Kusamehe tutaongea nyumbani, kwa makande," alisema. "Hapa andika."

Niliiweka karatasi juu ya guta lililokuwa karibu, ambalo lilikuwa lile lile alilonyang'anywa. Nikakata "namba tisa", nikaandika Atuganile Kibona. Nikakata "viliondolewa", nikaandika kwamba aliyeviondoa ni mimi, Fundi Nzowa, kwa sababu nilidhani haiwezekani, na sikwenda kuuliza. Nikaweka sahihi. Mwenyekiti alikuwa ameshatoa ufunguo wa guta na kumnyooshea, lakini Mama Lusajo hakuupokea. Aliichukua karatasi kwanza, akaisoma yote kwa sauti, taratibu, mwenyekiti amesimama na mkono umenyooka mpaka neno la mwisho. Kisha akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto, na ndipo akachukua ufunguo.

Nakala iliyomo kwenye faili lenu la kijani ina namba tu, kama utaratibu unavyotaka. Yenye majina iko Ileje, na ndiyo iliyo sahihi.